Mwalimu, Setilaiti Inaona Maji ya Chini?

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza swali hilo. Nilikuwa nimewaonyesha picha za Landsat za bwawa la Hombolo, wakaona linavyopungua kiangazi. Nikajibu haraka, "Ndiyo, inaona." Nilikosea, wenzangu, na kwa Dodoma kosa hilo si dogo. Mji huu kwa sehemu kubwa unakunywa maji ya visima vya Makutupora, siyo ya Hombolo.

Kamera ya setilaiti huona uso wa ardhi tu. Maji ya chini hayapigwi picha, hupimwa uzito. Mwaka 2002 Marekani na Ujerumani zilirusha setilaiti mbili za GRACE, zikifuatana kwa umbali wa kama kilomita 220. Ya mbele ikikaribia eneo zito zaidi, huvutwa na kuiacha kidogo ya nyuma. Umbali huo ukibadilika hata kwa chini ya unene wa unywele, mitambo inajua. Mvua ikilowesha nchi, eneo linakuwa zito. Ukame ukija, linakuwa jepesi. Tangu 2018 kazi hiyo inaendelezwa na GRACE-FO.

Hapo nikadhani nimeokoka. Kumbe bado! Mizani hiyo hupima eneo la mamia ya kilomita kwa mkupuo, tena inajumlisha maji ya ziwa, ya udongo na ya chini. Makutupora peke yake haionekani humo. Jamani, wanaoijua ni watu waliopima kina cha maji visimani tangu miaka ya 1950. Uchambuzi wa vipimo vyao, uliochapishwa 2013, ulionyesha kuwa mvua za kawaida huongeza kidogo mno. Maji hushuka mwaka hadi mwaka, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa huyarudisha. Ongezeko kubwa kuliko yote lilikuja na El Niño ya 1997/98. Yaani mvua zile tunazozilaani kwa mafuriko ndizo zinazojaza visima, na huku jiji linakua na pampu hazipumziki.

Darasani ningewapa wanafunzi wawili mpira wa kuvutika waushike huku na huku, watembee, wa mbele avutwe kidogo. Wangeelewa kwa dakika tano.

Yule aliyeuliza sasa yuko kidato cha nne. Nimemtumia mwalimu wake jibu jipya kwa simu, pamoja na samahani.