Magofu Yasiyosema? Miji ya Wamaya na Nafasi ya Lugha Katika Kuhifadhi Urithi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza miji magofu ya Wamaya wa Amerika ya Kati pamoja na urithi wa kitamaduni uliotokana nayo. Hoja inayoongoza mjadala ni kwamba jiwe peke yake halihifadhi utamaduni. Kinachouhifadhi ni lugha, pamoja na watu wanaoizungumza. Ili kuitetea hoja hii, makala yanaangazia kuanguka kwa miji hiyo, muundo wa maandishi ya Wamaya, kuteketezwa kwa vitabu vyao mwaka wa 1562, kunusurika kwa utenzi wa Popol Vuh, kufumbuliwa kwa maandishi katika karne ya ishirini, na mvutano uliopo kuhusu nani hasa mwenye urithi huo.

Utangulizi

Jina la Wamaya linapotajwa, fikra za wengi huelekea kwenye piramidi zilizomezwa na msitu, na kwenye taifa ambalo yasemekana lilitoweka pasi na kujulikana lilikokwenda. Taswira hii ilipata nguvu mpya pale uvumi ulipoenea kuwa kalenda ya Wamaya ilitabiri mwisho wa dunia tarehe 21 Desemba 2012. Siku hiyo ilifika na kupita. Kilichokamilika ni mzunguko mmoja mrefu wa kalenda, na mwingine ukaanza, kama vile mwaka unavyokwisha na mwingine kuingia.

Hata hivyo, upotoshaji mkubwa zaidi ni huo wa kutoweka. Katika sensa ya Guatemala ya mwaka wa 2018, watu zaidi ya milioni 6, yaani takriban asilimia 42 ya raia wote, walijitambulisha kuwa Wamaya. Wengine wanaishi Meksiko, Belize na Honduras. Lugha za Kimaya zipatazo 30 zingali zinazungumzwa. Swali linalozuka basi ni hili: ikiwa wenyewe wapo, kwa nini kuta za mababu zao zilikaa karne nyingi bila msomaji?

Miji na Kuanguka Kwake

Wamaya hawakuwa na dola moja wala mfalme mmoja. Waliishi katika miji-dola iliyoshindana, ikaoleana na kupigana vita. Kipindi ambacho wataalamu hukiita cha Kale, takriban mwaka wa 250 hadi 900 B.K., ndicho kilichoshuhudia kilele cha ujenzi katika maeneo ya kusini. Huko Tikal, katika msitu wa Petén nchini Guatemala, hekalu moja lina urefu wa zaidi ya mita 60. Huko Palenque nchini Meksiko, Mfalme K'inich Janaab Pakal alitawala kuanzia mwaka wa 615 hadi 683, na kaburi lake liligunduliwa mwaka wa 1952 ndani ya Hekalu la Maandishi na mwanaakiolojia Alberto Ruz Lhuillier. Nayo Copán, nchini Honduras, ina ngazi za mawe zilizochongwa alama zaidi ya 2,000 zinazosimulia habari za ukoo wa kifalme. Kwa hakika, mtu aliyepanda ngazi hizo alikuwa akikanyaga kitabu cha historia.

Ukubwa wa makazi hayo haukujulikana vyema hadi hivi karibuni. Mwaka wa 2018 watafiti waliopima kaskazini mwa Guatemala kwa miale ya leza kutoka angani walitangaza kuwa walikuwa wametambua mabaki ya majengo zaidi ya 60,000 chini ya msitu: nyumba, barabara, ngome na mashamba ya matuta.

Kati ya karne ya nane na ya kumi, miji mingi ya kusini ilihamwa. Wataalamu hutaja sababu kadhaa zilizoshikana: ukame wa mara kwa mara, vita baina ya miji, ardhi iliyochoka, na kuporomoka kwa imani ya raia kwa wafalme waliodai kuwa na uwezo wa kuleta mvua. Hata hivyo, kuhamwa kwa mji si kufa kwa watu. Miji ya kaskazini kama vile Uxmal na Chichén Itzá iliendelea kustawi. Piramidi maarufu ya Chichén Itzá ina ngazi 91 katika kila upande wa pande zake nne, na ukijumlisha kidato cha juu zinatimia 365, idadi ya siku za mwaka. Fauka ya hayo, Nojpetén, mji mkuu wa Waitza, haukutekwa na Wahispania hadi mwaka wa 1697, karne mbili baada ya Columbus kufika Amerika.

Muundo wa Maandishi ya Wamaya

Wamaya walibuni mfumo kamili wa maandishi, yaani mfumo uliomwezesha mwandishi kuandika lolote linaloweza kutamkwa. Walitumia pia sifuri katika hesabu zao zilizojengwa juu ya msingi wa ishirini. Maandishi yao yana alama zipatazo 800 za aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni alama zinazosimamia neno zima, na ya pili ni alama zinazosimamia silabi.

Mwanafunzi wa Kiswahili hatatatizika kuuelewa mfumo huu, kwa kuwa silabi za Kimaya zilizoandikwa ni za konsonanti na irabu, kama zilivyo silabi nyingi za Kiswahili. Neno *b'alam*, lenye maana ya chui wa Amerika, liliweza kuandikwa kwa kuchora kichwa cha mnyama huyo. Liliweza pia kuandikwa kwa silabi tatu, *ba-la-ma*, irabu ya mwisho ikiachwa bila kutamkwa. Aidha, mwandishi aliweza kuchora kichwa na kukiongezea silabi moja ili msomaji asikosee. Hali kadhalika, juu ya vyombo vya kunywea vya wakubwa kuliandikwa *ka-ka-wa*, yaani *kakaw*. Neno hili, lililotumiwa na jamii kadhaa za eneo hilo, lilichukuliwa na Wahispania, na hatimaye likafika katika Kiswahili kama kakao.

Moto wa Maní

Mbali na mawe, Wamaya waliandika vitabu vya kukunjwa vilivyotengenezwa kwa magome ya miti ya jamii ya mkuyu na kupakwa chokaa. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní, Yucatán, kasisi Mhispania Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe hadharani, kwa madai kuwa vilijaa ushirikina. Idadi inayotajwa ni vitabu 27. Landa mwenyewe aliandika kuwa tendo hilo liliwatia Wamaya uchungu mkubwa. Leo vinajulikana vitabu vinne tu vya aina hiyo duniani kote. Vitatu vimo Dresden, Paris na Madrid, na cha nne, ambacho uhalisi wake ulithibitishwa mwaka wa 2018, kimo Meksiko.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kisa cha Maní kinaongeza jambo juu ya methali hii. Daftari lilikuwapo, na lililoandikwa likachomwa. Baada ya hapo, vijana wa Kimaya walifundishwa kuandika kwa hati za Kilatini, na maarifa ya hati ya kale yakafifia kadiri wazee walivyofariki. Huu ndio mwanzo wa ububu wa magofu. Lugha ilibaki vinywani, lakini uzi ulioiunganisha na kuta ulikatwa.

Popol Vuh: Kitabu Kilichobadilisha Vazi

Katika nyanda za juu za Guatemala, katikati ya karne ya kumi na sita, waandishi Wak'iche' waliitumia hati ya wageni kuyaokoa ya kwao. Waliandika Popol Vuh kwa lugha ya Kik'iche' na kwa herufi za Kilatini. Nakala yao ya kwanza imepotea, lakini kasisi Francisco Ximénez aliinakili mwanzoni mwa karne ya kumi na nane katika mji wa Chichicastenango, Kik'iche' kikiwa upande mmoja na tafsiri ya Kihispania upande wa pili. Nakala hiyo sasa imehifadhiwa katika Maktaba ya Newberry, mjini Chicago.

Kimaudhui, kazi hii inasimulia jinsi miungu ilivyojaribu kumuumba binadamu kwa udongo akayeyuka, kisha kwa mti akawa hana moyo wala kumbukumbu, na hatimaye kwa unga wa mahindi akakamilika. Inasimulia pia safari ya mapacha Hunahpu na Xbalanque waliowashinda wafalme wa kuzimu kwa werevu na kwa mchezo wa mpira. Kifani, imejaa usambamba na takriri, dalili kwamba chimbuko lake ni sanaa ya kusemwa.

Jambo la kuzingatia ni kuwa mtu anayekosa kumbukumbu, kwa mujibu wa kisa hiki, hajawa mtu bado. Vilevile, zao hilo la mahindi lililotokea Meksiko ndilo lililo chakula kikuu katika meza nyingi za Kenya, japo jina lake katika Kiswahili huielekeza fikra Uhindi.

Kusomwa Upya kwa Kuta

Mwaka wa 1839 Mmarekani John Lloyd Stephens na mchoraji Mwingereza Frederick Catherwood walianza safari ya kuyazuru magofu. Stephens alinunua eneo la Copán kwa dola 50. Wakati ambapo wengine walidai kuwa miji hiyo ilijengwa na Wamisri au Wafoinike, Stephens alishikilia kuwa iliasisiwa na mababu wa wenyeji. Hata hivyo, hakuweza kuyasoma maandishi yaliyokuwa mbele yake.

Ufunguo ulitoka mahali pasipotarajiwa. Katika maelezo yake kuhusu Yucatán, Landa huyohuyo aliyechoma vitabu alikuwa ameorodhesha alama alizodhani kuwa ni alifabeti ya Wamaya. Maelezo hayo yalipatikana Madrid na kuchapishwa mwaka wa 1864, lakini kila aliyejaribu kuzisoma alama hizo kama herufi alishindwa. Mwaka wa 1952 msomi wa Leningrad, Yuri Knorozov, ambaye hakuwa amewahi kuliona hata gofu moja la Wamaya, alitoa hoja kuwa zilikuwa silabi.

Njia aliyotumia inastahili kufundishwa. Katika vitabu vilivyosalia, juu ya picha ya bata mzinga kuna alama mbili. Ya kwanza ni ile ambayo Landa aliitaja kuwa *ku*. Katika Kimaya cha Yucatán, bata mzinga huitwa *kutz*. Basi alama ya pili yapaswa kuwa *tzu*. Alama hiyo ya pili inajitokeza tena mwanzoni mwa neno lililo juu ya picha ya mbwa, ikifuatwa na *lu*. Neno la kale la mbwa ni *tzul*. Kwa hivyo, kilichothibitisha usomaji ni msamiati wa lugha iliyokuwa ingali hai. Eric Thompson, mtaalamu aliyeheshimika mno wakati huo, aliipinga hoja hii hadi alipofariki mwaka wa 1975. Hata hivyo, utafiti wa Tatiana Proskouriakoff wa mwaka wa 1960 ulionyesha kuwa nguzo za mawe za Piedras Negras zilirekodi kuzaliwa na kutawazwa kwa wafalme, na polepole ukweli ukadhihirika. Mawe yaliyodhaniwa kuwa yanahusu nyota na miungu pekee yaligeuka kuwa historia ya watu wenye majina.

Nani Mwenye Urithi?

Kufumbuliwa kwa maandishi hakukumaliza dhuluma. Katika vita vya ndani vya Guatemala vya 1960 hadi 1996, watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 waliuawa au kutoweshwa. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti yake mwaka wa 1999 ilibaini kuwa asilimia 83 ya waathiriwa waliotambuliwa walikuwa Wamaya. Nchi iliyojivunia piramidi za Tikal mbele ya watalii iliwaua wajukuu wa waliozijenga.

Katika uwanja wa fasihi, mvutano huu unadhihirika katika kisa cha waandishi wawili. Miguel Ángel Asturias, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka wa 1967, alishiriki kuitafsiri Popol Vuh kwa Kihispania kutoka Kifaransa, na riwaya yake *Hombres de maíz* ya mwaka wa 1949 inachota kutoka visasili vya Wamaya. Lakini tasnifu yake ya mwaka wa 1923 iliwaeleza wenyeji kuwa watu waliodhoofika, ikapendekeza wachanganywe na wahamiaji wa Ulaya. Humberto Ak'abal, mshairi Mk'iche' aliyeandika kwa Kik'iche' na Kihispania, alipopewa tuzo ya taifa ya fasihi yenye jina la Asturias mwaka wa 2004, aliikataa kwa sababu ya tasnifu hiyo. Ak'abal alifariki mwaka wa 2019. Kukataa kwake kunamkabili mhakiki na swali gumu: je, yafaa kuusifu utamaduni wa watu huku ukiwadharau wenyewe?

Pamoja na hayo, zipo hatua zilizopigwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Linda Schele na Nikolai Grube walianza kuendesha warsha za kuwafundisha Wamaya hati ya mababu zao. Mwaka wa 1990 sheria iliunda Akademia ya Lugha za Kimaya ya Guatemala, na ile ya mwaka wa 2003 ikazitambua lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa.

Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kuwa miji ya Wamaya haikuwahi kukosa la kusema. Wasomaji wake walinyang'anywa hati, wakaachiwa lugha, na lugha hiyo ndiyo iliyokuja kuifungua hati. Lau Kimaya kingalikufa pamoja na vitabu vya Maní, Knorozov asingalikuwa na neno la bata mzinga wala la mbwa la kuthibitishia hoja yake, na mwana wa Palenque angalibaki bila jina hadi leo. Kwa mwanafunzi na mhadhiri wa lugha, funzo ni kuwa kamusi ya kijiji, hadithi ya bibi na jina la mmea usiojulikana mjini ni sehemu ya hazina sawa na hekalu lenye ulinzi wa serikali. Anayerekodi lugha ya jamii yake leo huenda anamwekea msomaji asiyezaliwa bado ufunguo wa mlango ambao yeye mwenyewe hajauona.