Galoni Ipi? Somo la Kugeuza Vipimo vya Ujazo

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha vipimo vya ujazo hana budi kufahamu kwanza kwamba jina "galoni" lina vipimo viwili. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, galoni ya Marekani ni lita 3.785. Hii ya pili ndiyo ya zamani zaidi: ni ile galoni ya divai iliyowekwa na sheria ya Uingereza mwaka 1707, yaani inchi za ujazo 231. Wamarekani waliishika, Waingereza wakaiacha mwaka 1824 walipoweka galoni yao mpya. Wengi wetu tulirithi ya Waingereza, tukakariri "lita nne na nusu", na hapo ndipo makosa huanzia.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipata kukaa nyuma ya darasa la sita. Mwanachuo aliandika ubaoni: galoni 1 = lita 4.5. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akasema dumu la sabuni lililoko kwao limeandikwa galoni 1, na chini yake lita 3.78. Mwanachuo akajibu kwamba waliochapa wamekosea, akaendelea na somo. Mtoto aliketi, wala hakunyosha mkono tena kipindi kile. Nami nilinyamaza, maana si desturi ya mkufunzi kuingilia somo. Nakiri sasa kuwa ningaliuliza japo swali moja: dumu hilo limetengenezwa wapi?

Dumu lenyewe ndilo zana bora ya somo hili. Na liletwe darasani likiwa tupu, litiwe maji hadi pale sabuni ilipokuwa imefikia (si mpaka shingoni), kisha watoto wayapime kwa chombo cha lita 1. Chombo kitajaa mara 3, na mara ya 4 maji yatapita robo tatu kidogo. Atakayeona hivyo hatahitaji kukaririshwa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Galoni za Marekani huzidishwa kwa 3.785 ili kupata lita. Lita hugawanywa kwa 3.785 ili kupata galoni. Watoto huchanganya njia hizi mbili, kwa hiyo wakadirie kabla ya kukokotoa: lita ni ndogo kuliko galoni, basi idadi ya lita sharti iwe kubwa zaidi. Dumu la lita 20 ni galoni 5.28. Aliyezidisha atapata 75.7, mwulize kama mama yake aweza kujitwika galoni 75 za maji.

Kwa darasa la saba, tumia pipa la mafuta ghafi linalotajwa redioni kila bei inapopanda. Pipa hilo ni galoni 42 za Marekani, karibu lita 159. Atakayetumia galoni ya Uingereza atapata lita 191, yaani lita 32 zisizokuwapo. Andika ubaoni "galoni 42" tu, kisha ngoja uone ni nani atakayeuliza ni galoni ipi.