TUJIFUNZE: MVUA HUTABIRIWAJE KATIKA NCHI KAVU?

Wengi wetu hapa Kakuma hujiuliza: mahali pakavu hivi, mafuriko hutoka wapi? Je, yanaweza kujulikana mapema? Tujifunze pamoja.

1. Mzunguko wa maji
Jua hupasha joto bahari na ardhi. Maji hugeuka mvuke, mvuke hupanda, hupoa, huwa mawingu, kisha mvua. Katika nchi kavu mzunguko huu haukomi. Hewa ikizidi joto kwa digrii 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Ndiyo maana wakati wa kiangazi udongo hukauka upesi, na mvua ikija huweza kumwagika kwa nguvu. Udongo mgumu hauwahi kuinywa yote. Maji hukimbilia laga.

2. Wataalamu huangalia nini?
Huangalia bahari. Bahari ya Hindi upande wa Afrika ikipata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ikipoa, mvua za Oktoba hadi Desemba huongezeka Afrika Mashariki. El Niño, yaani joto la Bahari ya Pasifiki, nayo kwa kawaida huziongeza. La Niña huzipunguza. Setilaiti na maboya hupima joto hilo mapema.

Mfano: tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 mfululizo ya mvua ilikuwa mibaya katika sehemu kubwa za Kenya, Ethiopia na Somalia. Ilikuwa miaka ya La Niña. Mwishoni mwa 2023 El Niño na joto la Bahari ya Hindi vilikuja pamoja, na mafuriko yakafika hata kambi za Dadaab.

3. Kuelewa utabiri
ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD, hutangaza utabiri wa msimu kwa mafungu 3: mvua juu ya kawaida, ya kawaida, na chini ya kawaida. Ukisikia "asilimia 50 juu ya kawaida", maana yake ni kwamba katika misimu 10 ya namna hiyo, kama 5 itakuwa na mvua nyingi. Hiyo si ahadi. Lakini anayengoja uhakika huchelewa.

4. Tufanye nini?
- Usijenge nyumba wala choo ukingoni mwa laga ya Tarach kwa sababu tu imekauka.
- Watoto wasicheze ndani ya laga. Mvua ikinyesha vilimani, maji huweza kufika hapa huku jua linawaka.
- Utabiri ukitaja mvua nyingi, kila jirani ajue nani atamsaidia mzee, mgonjwa na mlemavu.
- Usitupe taka lagani. Maji hayo hayo huzama mchangani na kujaza visima tunavyonywa.

5. Jaribio
Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali wazi. Kila asubuhi pima maji kwa rula, andika, kisha mwaga. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita za mraba 12 likipata milimita 10, ni lita 120, yaani jerikeni 6 za lita 20.

Maswali ya kujadiliana
(a) Kwa nini mwaka wa ukame hautuhakikishii kwamba mafuriko hayatakuja?
(b) Katika bloku yenu, nani wanalala karibu na laga?