Kusafisha kifua chenye makohozi mengi

Wapo wenzetu waliomaliza dawa za kifua kikuu, wakapimwa na kuambiwa wamepona, lakini kila asubuhi wanakohoa makohozi mengi. Vijidudu vimekwisha, makovu yamebaki. Njia za hewa zikishaharibika na kupanuka hushindwa kusukuma makohozi juu, nayo yakikaa ndani huleta maambukizo mengine. Ikiwa wewe ni mmoja wao, fanya zoezi hili asubuhi na jioni, kabla ya kula. (Aliyekohoa wiki 2 au zaidi na hajapimwa, aende kwanza kupima makohozi.)

Kaa wima, legeza mabega, pumua taratibu kwa muda. Kisha vuta pumzi ndefu mara 3 au 4. Kila moja ishike ukihesabu mpaka 3, halafu iache itoke yenyewe. Pumua tena taratibu. Sasa fungua mdomo na koo, utoe pumzi kwa nguvu kiasi, “haaa”, kama anayetia ukungu kwenye kioo. Mara 1 au 2 zatosha. Makohozi yakifika juu, kohoa uteme katika kopo lenye kifuniko. Rudia kwa dakika 10 hadi 20, ukichoka, acha. Wengi hukohoa mfululizo tangu mwanzo, kifua kinauma na makohozi hayajasogea.

Mtu wa nyumbani aweza kukusaidia kwa kukupigapiga. Lala ubavu, upande wenye makohozi uwe juu. Yeye akunje kiganja kama anayechota maji, apige mbavu juu ya nguo, bila kuumiza. Asipige uti wa mgongo, tumbo, matiti wala sehemu ya figo. Anayetema damu au aliyevunjika mbavu asipigwe kabisa.

Nanyi akina mama na akina baba: mtoto mwenye kichomi haponi kwa kupigwapigwa mgongoni. Anahitaji dawa. Akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kama huna saa, mwite mhudumu wa afya aliye karibu. Lakini ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, usikae kuhesabu. Nenda naye, hata kama ni usiku.