Kujifunza Mruko kwa Fikra na Sauti

Mcheza ngoma wa Kikurya afuatapo mlio wa iritungu hahesabu hatua. Sauti yenyewe humjulisha wakati wa kukanyaga. Mwanafunzi wa Genkuru, mkoani Mara, anayejifunza miruko mitatu aweza kuitumia kanuni hiyo.

Misuli huongozwa na ubongo. Katika miaka ya 1930 Edmund Jacobson wa Chicago alipima umeme hafifu katika misuli ya mkono wa mtu aliyewaza tu kuukunja. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichunguza watu waliojifunza zoezi la piano kwa siku 5, saa 2 kila siku. Kwa wale waliojizoeza akilini tu, sehemu ya ubongo inayoongoza vidole ilibadilika kama ya waliopiga kwa vidole. Ustadi wao ulikuwa pungufu, lakini saa 2 za vitendo ziliwafikisha walipofika wenzao.

Jaribio: Mwalimu apige meza mara tatu kwa nafasi sawa. Mwanafunzi afumbe macho, ajione akiruka kwa mguu wa kulia. Pigo la kwanza, mguu wa kulia wakanyaga. La pili, wa kushoto. La tatu, yote miwili yatua mchangani. Usawa wa mapigo humzuia kufupisha hatua ya pili, kosa la wengi wanaoanza.

Tahadhari: anayewaza kosa hujizoeza kosa, kwanza auone mruko sahihi. Fikra haichukui nafasi ya uwanja, ila mvua ijaapo shimoni au mguu uumiapo, somo halikomi.