Ndege Hawangoji Kengele: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Utoro

Kwa miaka mingi nimekuwa mwalimu wa darasa katika shule ya msingi, bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Zamani niliamini dawa ya utoro ni fimbo na barua ya kumwita mzazi. Watoto wenyewe wamenifundisha vingine.

1. Mfuate alipo kabla hujamwadhibu.
Mvulana wa darasa la tatu alipotea wiki mbili, mpunga ulipoanza kujaza punje. Nilimkuta shambani, juu ya dungu, kombeo mkononi, akiamia kweleakwelea. Mama yake alinikaribisha kwa heshima, kisha akaniambia, "Mwalimu, ndege hawangoji kengele." Sikuwa na jibu. Mavuno yale ndiyo yangemnunulia mtoto sare na madaftari. Tulikaa na majirani wenye mashamba yanayopakana, wakakubaliana kupokezana zamu za asubuhi, watu wazima tu. Mvulana akabaki na zamu ya jioni, baada ya masomo.

2. Wahesabie wazazi siku.
Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto anayekosa siku moja tu kila wiki, labda kwa ajili ya gulio, hupoteza karibu siku 39. Kwa miaka yote ya shule ya msingi, hizo ni zaidi ya mwaka mzima wa masomo. Nilipoyaandika haya ubaoni kwenye kikao cha wazazi, baba mmoja aliniomba niyarudie taratibu. Hakuna aliyekuwa amewahi kuzijumlisha.

3. Njaa nayo ni utoro.
Michango ilipofutwa mwaka 2016, madarasa yalifurika. Lakini mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu tumboni, ikifika saa nne macho yake yako njiani. Wazazi walikubaliana kuleta mahindi na kupika uji kwa zamu. Wale waliokuwa wakitoroka wakati wa mapumziko wakabaki mpaka kengele ya mwisho.

4. Anayerudi apokelewe.
Hili linaniuma hadi leo. Niliwahi kumpigisha magoti mbele ya darasa msichana aliyekuwa amebaki nyumbani kulea mdogo wake. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nilikwenda kwao kuomba radhi. Tangu hapo, anayerudi huketishwa na mwenzake wa kumwonyesha yaliyomwacha, nami humpa nusu saa baada ya vipindi. Mtoto aliyeachwa nyuma huogopa kuchekwa, na woga huo humrudisha nyumbani upesi kuliko uvivu.

5. Ulizia siku ileile.
Tulikuwa tukingoja utoro ukomae ndipo tumpelekee mtendaji wa kijiji majina. Siku hizi nikifunga rejesta asubuhi, nawapigia wazazi wa wasiofika, au namtuma salamu mtoto wa jirani. Sigombi, naulizia hali tu: "Mama, mwanetu hajambo? Leo hatujamwona." Sasa wazazi wenyewe hunitangulia kunipa taarifa mtoto akiugua.

Yule mvulana wa dungu alimaliza darasa la saba. Siku za mwisho yeye ndiye aliyekuwa akinijulisha nani hayupo, na sababu yake, kabla sijafungua rejesta.