Kuchagua Kiasi na Risasi kwa Mwenye Kuwinda Paa

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu, aliyemtiishia mwanadamu wanyama na kumhalalishia vilivyo vizuri. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad:

Imetufikia barua ya kijana mmoja katika watoto wa mji wetu, akaaye Marekani katika jimbo la Minnesota. Atueleza kuwa kila mwaka, ufikapo mwezi wa Novemba, watu wa huko hutoka kuwinda paa kwa bunduki, na nyama ya paa mmoja huilisha nyumba siku nyingi. Mwaka jana mwenzake wa kazini alimwazima bunduki yenye nguvu kubwa. Akampiga paa, paa akakimbia akivuja damu, na giza likaingia. Asubuhi yake wakamkuta amekufa ndani ya kijito cha maji. Wenzake wakamchuna wakagawana; yeye akaingiwa na khofu, akaliacha fungu lake. Sasa auliza: Je, nyama ile ilikuwa halali? Na mwaka huu achague kiasi gani, na risasi ya namna gani, yasimfike tena yaliyomfika?

Tumeona tumjibu hapa mbele ya wasomaji wote, kwani walioko ng'ambo katika watoto wetu ni wengi, na hili lililomsibu yeye laweza kumsibu mwengine. Sisi wenyewe si wawindaji. Lakini tumeamrishwa kuwauliza wenye kujua. Basi tumekaa na mzee mmoja wa darasa letu, aliyepata kushika bunduki kabla ya uwindaji kukatazwa Kenya mwaka 1977, na tumesoma yaliyoandikwa na mafundi wa jambo hili. Na msomaji wa hapa kwetu asiyachukue maneno haya kuwa ni ruhusa kwake.

Yatupasa pia tujue ni mnyama gani tunayemzungumza. Paa wa mkia mweupe wa Marekani si paa wetu wala swala wetu. Dume lake huota pembe zenye matawi, nazo huanguka kila mwaka zikaota nyengine. Jike huwa na uzito wa karibu kilo 50 au 60, na dume kubwa la kaskazini hupita kilo 100. Ngozi yake si ngumu wala mifupa yake si minene, wala hahitaji mzinga kumwangusha.

HUKUMU YA NYAMA ILE

Sahaba Adiy bin Hatim alikuwa mwindaji, naye alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mambo haya haya. Akafundishwa kuwa mnyama aliyetobolewa kwa ncha kali huliwa, na aliyeuawa kwa kupondwa na ubavu wa silaha haliwi. Na akafundishwa kuwa akimkuta mnyama wake amezama majini asile, kwa sababu hajui kilichomuua ni mshale au ni maji. Basi kijana wetu alifanya sawa kuacha. Lau jeraha lingekuwa la kumuua pale pale bila ya shaka yoyote, hapo pangekuwa na maneno mengine. Lakini mnyama aliyekimbia usiku kucha, shaka yake ni kubwa.

Ama risasi yenyewe, wanavyuoni wa kale walipokataza mnyama aliyeuawa kwa "bunduq" walikusudia donge la udongo, lipondalo wala halitoboi. Ilipoenea bunduki ya baruti wakakhitalifiana. Katika karne ya 19 Ibn Abidin wa Damascus aliona kuwa risasi huua kwa moto na kwa msukumo wake, na al-Shawkani wa Yemen aliona kuwa yatoboa kama mshale, basi mnyama wake ni halali. Wengi wa wanavyuoni wa zama zetu wamelifuata hili la pili. Mwenye kuwinda na ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na afanye haraka kumfikia mnyama wake. Akimkuta angali na uhai amchinje.

Twaona basi kuwa shaka ya nyama ile haikuanzia kijitoni. Ilianza pale kijana alipochukua bunduki asiyoiweza, yenye risasi asiyoijua.

KIASI NI NINI

Kile mtu akitiacho ndani ya bunduki wazee wetu walikiita kiasi, nacho kina vitu vine: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na risasi iliyo mdomoni. Risasi peke yake ndiyo imfikiayo mnyama. Watu wengi huulizana juu ya kiasi wakaisahau risasi, mfano wa mtu achaguaye jahazi asitazame shehena.

Majina ya viasi huwachanganya wageni. Kiitwacho .30-06 maana yake ni risasi ya karibu sehemu 30 katika 100 za inchi, na kiasi kilichoingia jeshi la Marekani mwaka 1906. Na .30-30, kilichotoka mwaka 1895, namba yake ya pili ilikuwa ni kipimo cha baruti yake ya kwanza, greni 30. Na greni 15 na kitu ndizo gramu moja. Kwa hivyo namba hizi si daraja za ubora. Lililo la wajibu ni kuwa jina lililochorwa kwenye kasiba ya bunduki na jina lililo kitakoni mwa ganda yawe moja, herufi kwa herufi, kwani kiasi kisichokuwa chake chaweza kuipasua bunduki usoni mwa mwenyewe.

Sasa tuvitaje vilivyo mashuhuri kwa paa.

Cha .243 Winchester, cha mwaka 1955, kina risasi nyembamba ya greni 95 au 100, yaani gramu 6 na kitu. Teke lake begani ni dogo, nacho chamfaa mwanafunzi mwenye subira ya kungoja mnyama akae vizuri.

Cha 6.5 Creedmoor, cha mwaka 2007, hutupa risasi ya greni 140 kwa mwendo wa karibu mita 820 kwa sekunde. Teke lake pia ni la kustahimilika, na risasi yake ndefu hupenya sana.

Cha .308 Winchester, cha mwaka 1952, hutupa risasi ya greni 150 kwa karibu mita 860 kwa sekunde. Hupatikana kila duka, na kwa paa kina nguvu ya kutosha na ziada.

Cha .270 Winchester, cha mwaka 1925, na .30-06 tulichokwisha kukitaja, ni vizuri pia, lakini teke lao ni kubwa zaidi, khasa katika bunduki nyepesi.

Na .30-30, ijapokuwa ni mzee, chatosha mwituni ambako mtu hamwoni paa mbali ya mita 100 au 150. Bunduki zake nyingi huweka viasi kimoja nyuma ya chengine ndani ya mwanzi, kwa hivyo hutumiwa risasi za pua butu, isije ncha kali ikaigonga fataki ya kile kilicho mbele.

Mtu atauliza: Kwa nini asichukue kilicho kikubwa kuliko vyote, awe na yakini? Twamjibu kuwa mwenye kuliogopa teke la bunduki yake hufumba macho na kuvuta bega kabla ya risasi kutoka, na risasi ikenda tumboni au mguuni. Na hivyo ndivyo, kwa maneno ya barua yake mwenyewe, alivyofanya kijana wetu. Nguvu iliyozidi ilimkimbiza mtupaji kabla ya kumfikia mtupiwa.

RISASI, NAYO NDIYO KHASA

Risasi ya askari huvikwa shaba yote hadi nchani. Hupita mwilini ikatoka upande wa pili ikiwa na umbo lile lile, ikaacha tundu jembamba, na mnyama aliyepigwa nayo hukimbia mbali akafa kwa mateso. Risasi ya mwindaji huachwa ncha yake laini, au hufanywa tundu, ili ikiingia ipanuke kama uyoga, ikate mishipa mingi kwa mara moja. Mataifa yalipokutana The Hague mwaka 1899 waliikataza risasi ipanukayo katika vita, kwa kuwa jeraha lake ni kubwa mno. Lakini katika uwindaji sheria zimeamrisha hiyo hiyo. Uingereza, sheria ya paa ya mwaka 1991 yataka risasi ya ncha laini au yenye tundu, isiyopungua inchi 0.240, na nguvu isiyopungua joule 2,305 itokapo kasibani, isipokuwa kwa aina mbili za paa wadogo. Minnesota nayo yataka risasi ipanukayo, isiyopungua inchi 0.22. Huo ni mpaka wa chini wa sheria. Mwenye busara hasimami ukingoni mwa mpaka.

Asije mtu akadhani kuwa risasi ipanukayo huponda badala ya kutoboa. Yatoboa ngozi kwanza, ndipo ipanuke ndani.

Lakini kupanuka nako kuna kadiri yake. Risasi nyembamba wa vazi, ikienda kwa mwendo mkali, ikapiga mfupa wa bega kwa karibu, hupasuka vipande juu juu isifike moyoni. Ndiyo maana mafundi walitengeneza risasi zishikanazo. John Nosler wa Marekani alitoa mwaka 1948 risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hupanuka na nusu ya nyuma huendelea kupenya. Na wengine huiunganisha risasi na vazi lake zisiachane.

Pana jambo jengine lililo zito kwa mwenye watoto nyumbani. Risasi ya kawaida ndani yake ni madini ya risasi, nayo ni sumu, khasa kwa watoto wadogo na wanawake wenye mimba, kwani huidhuru akili ya mtoto. Mwaka 2008 idara ya maliasili ya jimbo la Minnesota hiyo hiyo ilijaribu risasi za namna mbalimbali juu ya mizoga ya kondoo, ikapiga picha za eksirei. Vikaonekana vipande vidogo vidogo vya madini hayo mbali na tundu la jeraha, vingine havionekani kwa jicho wala kuhisiwa kwa ulimi. Risasi laini zipanukazo kwa haraka ndizo zilizotawanya zaidi. Za shaba tupu hazikuacha sumu hiyo. California imekataza risasi zenye madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Nasi twajua kuwa dini yetu haitaki mtu adhuru wala adhuriwe. Basi ataona raha gani mtu kuhakikisha nyama ni halali, kisha akamlisha mwanawe sumu?

Risasi ya shaba tupu hubaki na karibu uzito wake wote, na hupenya sana. Shaba ni nyepesi kuliko madini yale, kwa hivyo huchaguliwa ya uzito wa chini kidogo, mfano greni 130 badala ya 150 katika .308, ipate mwendo wa kuifungua. Wala asiinunue akaenda nayo mwituni siku ile ile, kwani bunduki moja huweza kuitupa mahali pengine pasipo pale ilipozoea. Na aijaribu kwanza kwenye karatasi, kwa mita 100, hata risasi tatu ziingie pamoja.

PA KUPIGA

Mapafu na moyo wa paa, atazamwapo ubavuni, ni mahali pa ukubwa wa sahani ya wali, nyuma tu ya bega. Risasi nzuri ikiingia hapo, mnyama huenda hatua chache akaanguka, nawe ukamdiriki. Ikiingia tumboni, hapana kiasi duniani kitakachokuokoa na usiku ule wa kumtafuta.

Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliwinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa kiasi kidogo cha 7×57, kisichoshinda sana vile tulivyovitaja. Hatumtaji kwa kumsifu, kwani tembo elfu kwa ajili ya pembe si jambo la fakhari. Twamtaja kwa kuwa alipasua mafuvu ya tembo apate kujua ubongo umekaa wapi, na ujuzi huo ukamtosha badala ya bunduki kubwa. Ikiwa tembo ni hivyo, paa ataka nini?

KHATIMA

Basi usia wetu kwa mwanetu ni huu. Airudishe bunduki ya watu. Achukue ya .243, au 6.5 Creedmoor, au .308, ile ambayo bega lake halitaiogopa, baada ya kuuliza sheria ya mahali atakapowinda. Atie risasi ya shaba tupu ipanukayo. Ajifunze kwenye karatasi wiki nyingi kabla ya Novemba. Asifyatue jioni nuru inapokwisha, wala kwa mnyama akimbiaye, wala kwa masafa ambayo kwenye karatasi hakuyaweza. Na akirudi mikono mitupu, na arudi. Hapana aibu katika hilo.

Mtume wetu ametuamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Mwindaji kisu chake ni risasi. Kuichagua vyema na kujifunza kuitupa ndiko kunoa kwake, na aliyeacha kunoa asimlaumu mnyama kwa kukimbia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na watoto wetu waliopo na walioko mbali, na aturuzuku kilicho halali na kizuri. Wallahu aalam.